Kijiko cha Waamuzi na Sufuria ya Bokoboko: Uchambuzi wa Kisa cha Tamasha la Vyakula Unguja

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika tamasha la vyakula linaloandaliwa kila mwaka, wakati wa kipupwe, katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Wapishi 12 kutoka Unguja na Pemba walialikwa, kila mmoja alete chakula kimoja tu, na jopo la waamuzi watatu likapita meza kwa meza likionja na kutoa alama. Ushindi ulikwenda kwa kamba wa masala waliopikwa na mpishi wa hoteli ya ufukweni. Bokoboko, yaani ngano iliyopikwa na kupigwa pamoja na nyama, la mama mmoja wa makamo kutoka Pemba lilishika nafasi ya 11. Hata hivyo, kabla ya Alasiri sufuria ya bokoboko ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuisha katika uwanja mzima, na watu waliokwisha kula sahani nzima walikuwa wakirudi kuulizia ukoko.

Lalamiko liliifikia kamati baada ya siku chache. Halikuletwa na mpishi mwenyewe. Katibu wa kamati alipompigia simu na kumuuliza, "Mama, mbona wewe hukusema kitu?", alijibiwa, "Niseme nini, mwanangu? Chakula changu kimeliwa chote." Waliolalamika ni wazee wa kijiji waliokula bokoboko lile wakaona kwamba nafasi ya 11 ni dharau kwa chakula na kwa aliyekipika. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karani wa kukusanya karatasi za alama, niliombwa nizisome upya, nizungumze na wote waliohusika, na niandike maelezo. Rai yangu naitaja mapema ili msomaji aipime kadiri anavyoendelea: waamuzi walitoa alama kwa uaminifu, bokoboko lilipikwa vizuri, na tatizo lote lilikuwa katika namna chakula kilivyofikishwa kwenye ulimi wa mwamuzi.

Yaliyotokea siku ile

Uwanja uko karibu na bahari. Upande wa ndani kuna banda kubwa la makuti, na upande wa nje, kuelekea ufukweni, kuna nafasi ya wazi ambako gari linaweza kurudi nyuma mpaka penye meza. Wapishi waliokuja na masinia na sufuria ndogo walipangwa bandani. Waliokuja na sufuria kubwa, zile za kubebwa na watu wawili, waliwekwa upande wa wazi ili wasihangaike na mizigo. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini sufuria kubwa ndizo zinazopikiwa vyakula vya nafaka na mizizi, na kwa kuwa waamuzi walianzia bandani wakatokea nje, aliyepanga mizigo alikuwa amekwisha kupanga pia mfuatano wa kuonja bila kujua: vyakula vya wanga vyote viliangukia mwishoni, kimoja baada ya kingine.

Waamuzi walianza saa 5 asubuhi kwenye urojo, wakaenda kwenye kachori, kisha kamba wa masala, mishikaki, pweza wa nazi, samaki wa kupaka na mchuzi wa papa. Meza ya 8 ilikuwa ya muhogo wa nazi. Hapo walisimama kwa ajili ya sala ya Adhuhuri, na waliporudi ilikuwa imekaribia saa 7 na nusu. Zilizobaki zilikuwa pilau, biriani, bokoboko na, mwisho kabisa, halua ya mpishi wa Wete aliyekuja kwa gari moja na mpishi wa bokoboko. Kila mwamuzi alitiliwa kijiko kimoja cha chakula katika kikombe kidogo cha karatasi, akapewa na maji ya baridi ya kusukutua. Karatasi ya alama ilikuwa na mistari mitano, yaani ladha, harufu, muonekano, uasilia na usafi, kila mmoja ukiwa na alama 10, na chini yake nafasi ndogo ya maoni.

Kamba wa masala walikuwa wa kwanza, urojo wa pili, halua ya tatu. Biriani ilikuwa ya 7, pilau ya 10, bokoboko la 11, na muhogo wa nazi ukawa wa mwisho.

Safari ya lile bokoboko inahitaji kuelezwa kwa ukamilifu, kwa sababu ndani yake mna sehemu ya jibu. Mpishi alivuka kwa meli kutoka Mkoani hadi bandari ya Malindi siku moja kabla ya tamasha. Alifikia kwa jamaa zake Mjini, akawa ameroweka ngano mapema, akaipika pamoja na nyama kwa moto mdogo usiku kucha, na kabla ya alfajiri akaanza kuipiga kwa mwiko mpaka nyuzi za nyama zikapotea ndani ya ngano na chakula kikawa kinavutika. Sufuria ilifungwa kwa mablanketi na kupakiwa garini. Ilipofika uwanjani ilikuwa bado inatoa mvuke. Saa 4 asubuhi mkaguzi wa usafi aliagiza vifuniko viondolewe ili aone, jambo ambalo ni haki yake na wajibu wake, na baada ya ukaguzi wapishi wakaombwa wasifunike tena, ili wapiga picha na wageni wavione vyakula. Meza ya bokoboko ilikuwa nje ya banda, na upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kutoka baharini moja kwa moja.

Maelezo yaliyotolewa kwanza, na kwa nini hayatoshi

Maneno ya kwanza yaliyosemwa kijijini yalikuwa kwamba mpishi amedhulumiwa kwa sababu ni wa Pemba. Shutuma ya namna hii ni nzito, na ingeachwa bila kuchunguzwa ingeweza kuharibu mengi zaidi ya tamasha. Karatasi zinaikanusha. Halua ya Wete, iliyopikwa na Mpemba na kutangazwa mezani kuwa ni ya Wete, ilipewa nafasi ya tatu na waamuzi wale wale, dakika chache baada ya kutoka kwenye bokoboko. Nayo pilau iliyoshika nafasi ya 10 ilikuwa ya mpishi wa Mjini.

Wengine walisema kwamba kila kilicho mwisho wa foleni huonewa, kwa kuwa waamuzi wamekwisha kuchoka. Maelezo haya yana ukweli kidogo, lakini halua inayasumbua vilevile: ilikuwa ya mwisho kuliko vyote, na ilipanda. Kwa hiyo haitoshi kusema "walichelewa." Inapasa kuuliza walichelewa baada ya kula nini.

Kulikuwa pia na wazo kwamba huenda bokoboko lenyewe lilikuwa na kasoro, na watu wa kijijini walilisifu kwa heshima ya mgeni. Nililichukulia wazo hili kwa uzito, kwa sababu ukarimu wa pwani unaweza kumfanya mtu asifu chakula ambacho hakukipenda. Lakini ukarimu haumrudishi mtu mara ya pili akiwa na kuponi ya kununulia chakula mkononi. Isitoshe, mwamuzi mmoja, aliyekuwa amelipatia bokoboko alama ndogo kuliko wenzake, alipita tena pale baada ya matokeo kutangazwa, akapewa sahani iliyopakuliwa na mpishi mwenyewe, akaimaliza. Nilipomuuliza baadaye, aliniambia bila kusita kwamba alichokula mchana ule hakikuwa kile alichokionja. Wala hakuwa anajitetea. Alikuwa anaeleza jambo la kweli, na sehemu iliyobaki ya uchambuzi huu ni kuonyesha ukweli huo ulivyotokea.

Maoni matatu kwenye karatasi

Katika nafasi ya maoni mwamuzi wa kwanza aliandika, "Imepoa." Wa pili aliandika, "Laini mno, haina ladha inayosimama." Wa tatu aliandika, "Nzuri, lakini nimeshiba." Kamati ilikuwa imeyapita maneno haya haraka ikaenda kujumlisha namba. Kwangu mimi maneno hayo ndiyo karatasi yenyewe, maana kila mwamuzi alitaja sababu moja ya kile kilichompata, na zote tatu zilikuwa nje ya uwezo wa mpishi.

Kupoa ndiko kulikoonekana wazi zaidi. Kutoka saa 4, vifuniko vilipoondolewa, mpaka waamuzi walipofika meza ya 11, zilikuwa zimepita zaidi ya saa tatu chini ya upepo wa kusi. Bokoboko ni ngano, nyama na samli, na vitu hivi havipoi kwa namna moja. Wanga wa ngano ukipoa hukaza, na ule mvutiko laini ambao mpishi aliutolea jasho hugeuka kuwa uzito. Samli ya ng'ombe huyeyuka yote kwenye joto la kati ya nyuzi 30 na 40 za selsiasi. Chakula kikishuka chini ya hapo, samli huanza kuganda na kuacha utando juu ya ulimi, na utando huo huzuia hata kile kidogo cha ladha kilichobaki. Mafuta ya nazi yana bahati tofauti, kwani huganda kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo pweza wa nazi au samaki wa kupaka akipoa katika hali ya hewa yetu bado mchuzi wake hubaki laini. Harufu nayo hubebwa na mvuke, na chakula kisichotoa mvuke hukosa alama kwenye mstari wa harufu hata kabla ya kuonjwa.

Hapa kuna suala jingine ambalo kamati haikuliona kuwa sehemu ya lalamiko, lakini siwezi kuliacha. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na kwamba kikisubiri kuliwa kiwekwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60. Ilikuwa ni ukaguzi wa usafi uliosababisha sufuria zifunuliwe, na ni agizo la kuziacha wazi lililoufanya ukaguzi huo upoteze maana. Nyama, samaki na kamba waliopangwa pale walikuwa wanaonjwa na watoto pia. Tamasha lingeweza kumaliza siku yake hospitalini, na namshukuru Mungu kwamba halikufika huko.

Maoni ya mwamuzi wa pili, kwamba chakula hakina ladha inayosimama, ndiyo yanayohitaji subira zaidi. Mfikirie mtu aliyeanza na urojo, wenye uchachu wa embe mbichi na ndimu na pilipili juu yake, akaenda kwenye kachori iliyochovywa kwenye chatini, kisha akala kamba waliokolezwa thomu, tangawizi, bizari na pilipili nyingi. Ukali wa pilipili unatokana na kitu kiitwacho kapsaisini, ambacho hushikamana na vipokezi vile vile vya kinywa vinavyotambua joto la moto, ndiyo maana tunasema pilipili inaunguza. Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji. Mtu anayesukutua kwa maji ya baridi baada ya kula pilipili hupata nafuu ya sekunde chache, na ukali hubaki pale pale. Maziwa ndiyo yanayosaidia, kwa sababu mafuta na protini yake ya kaseini huiondoa kapsaisini juu ya ulimi. Chumvi nayo ina tabia yake: ulimi uliozoeshwa chumvi nyingi ya mchuzi wa papa mkavu huona chakula chenye chumvi ya wastani kuwa hakijakolea, kana kwamba mpishi amesahau chumvi.

Kwa hiyo bokoboko lilifika kwenye ulimi uliokuwa umekwisha kuunguzwa, kuchachushwa na kutiwa chumvi. Ni chakula ambacho hakitafuti kushinda kwa sauti. Utamu wake ni wa ngano na nyama zilizokaa pamoja motoni kwa saa nyingi, na mlaji huupata polepole, tonge la tatu likiwa tamu kuliko la kwanza. Watu wa upande wa Ghuba hukiita chakula cha namna hii harisi, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kukipika katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika, kwa maombi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia. Kwetu kinapikwa Sikukuu na arusini, kinapakuliwa kwenye sinia, na watu wanakizunguka. Haiwezekani kukijua kwa kijiko kimoja.

Na kijiko chenyewe kilikuwa pungufu. Jambo hili nililipata kwa msichana aliyekuwa akimsaidia mpishi kupakua, na naliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Bokoboko humalizikia kwenye sahani: juu yake humiminwa samli ya moto, wengine huongeza vitunguu vilivyokaangwa, na sukari huwekwa pembeni kwa anayetaka. Samli ile ilikuwa kwenye sufuria ndogo juu ya seredani, yaani jiko la mkaa, na wageni walionunua sahani walimiminiwa. Lakini waamuzi walikuja na vikombe vyao vidogo vilivyogawiwa na kamati, vikiwa vimejazwa harakaharaka na kijana wa kamati aliyechota pembeni mwa sufuria, mahali palipopoa zaidi, bila samli na bila sukari. Kilichopewa alama kilikuwa ngano na nyama iliyokuwa ikisubiri kukamilishwa. Biriani ilikaribia kupatwa na hayo hayo, kwa sababu wali wake na masala yake hupikwa mbalimbali na hukutana wakati wa kupakua. Iliokolewa na mpishi wake, ambaye alimshika kijana yule mkono na kuchota mwenyewe. Mama wa bokoboko alikuwa amekwenda kusali, na katika muda huo mfupi kikombe kilikwisha kujazwa.

Tofauti kati ya kuonja na kula si ugunduzi wa kijiji hiki. Mwezi wa Aprili 1985 kampuni ya Coca-Cola ilibadilisha kinywaji chake huko Marekani, baada ya majaribio ya kuonja yaliyohusisha watu wapatao 200,000, ambamo wengi waliipenda fomula mpya yenye utamu zaidi. Ilipofika Julai mwaka huo huo kampuni ililazimika kurudisha fomula ya zamani kwa sababu ya malalamiko ya wateja. Sababu zilizotolewa ni nyingi, na mojawapo ni kwamba funda moja la kitu kitamu sana hupendeza kuliko chupa nzima ya kitu hicho. Kijiko humpendelea mwenye kupaza ladha. Sufuria iliyoliwa mpaka chini hutoa ushahidi wa aina nyingine.

Kuhusu mwamuzi wa tatu, aliyeshiba, maelezo ni mafupi. Mwaka 1981 watafiti Barbara Rolls na wenzake walionyesha kwamba mtu anapokula chakula fulani, hamu yake hupungua hasa kwa chakula hicho na vinavyofanana nacho, huku hamu ya vilivyo tofauti ikibaki. Mwamuzi huyu alitoka kwenye muhogo, akaenda kwenye pilau, akaenda kwenye biriani, kisha akakabidhiwa ngano. Halua iliyofuata ilikuwa na iliki, sukari na mvutiko wake wa peke yake, na hamu ikaamka. Hili ndilo jibu la kitendawili cha halua. Na kwa kweli watu wetu wamelijua jambo la mfuatano siku zote: hakuna anayefungua Ramadhani kwa biriani. Huanza na tende na uji, huja vyepesi, na futari nzito hufuata mwili ukiwa tayari. Hata kwenye soko la vyakula la Forodhani, Mjini, jioni, mlaji anayetoka meza moja kwenda nyingine hujipangia mwenyewe, akaanza na mishikaki au urojo na kumalizia kwa maji ya miwa, na akiona amechoka na nyama hubadilisha. Mwamuzi wa tamasha letu hakupewa uhuru ambao mlaji wa Forodhani anao kila siku.

Hoja ya mpishi wa hoteli

Mpishi aliyeshinda alizungumza nami kwa uungwana, na hoja yake inastahili kusikilizwa. Alisema kwamba tamasha lina kanuni zake kama mchezo, kwamba alipoambiwa ataonjwa kwa kijiko alipika chakula cha kijiko, akapunguza mchuzi, akaongeza viungo, akaja na jiko lake la gesi ili kamba watoke motoni mbele ya macho ya waamuzi. Mpishi hodari, alisema, humjua anayempikia. Kwa upande wake amesema kweli tupu, na ushindi wake ni halali. Kamba wale walikuwa wazuri, na sitaki uchambuzi huu usomwe kama jaribio la kumvua taji.

Lakini hoja hiyo inatufikisha mahali ambapo kamati haikukusudia kwenda. Barua ya mwaliko waliyotumiwa wapishi wote inasema kwamba lengo la tamasha ni kuhifadhi na kutambulisha vyakula vya asili. Ikiwa kanuni za kuonja zitabaki kama zilivyo, kila mpishi mwenye akili ataleta chakula kikali, chachu au kitamu kupita kiasi, na baada ya miaka michache muhogo wa nazi na bokoboko havitaletwa kabisa. Vitakuwa havikukatazwa na mtu, ila vitakuwa vimeshindwa mara nyingi mno. Nafasi mbili za mwisho mwaka ule zilikwenda kwa vyakula viwili vya upole kuliko vyote vilivyokuwa uwanjani, na hiyo haiwezi kuwa bahati mbaya tu. Katika pwani hiyo hiyo, wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, huko Makunduchi, wenyeji huona fahari kupata mgeni wa kumkalisha na kumlisha. Mgeni yule hukaa chini akala akashiba, na chakula hujulikana kwa njia hiyo. Tamasha linalotaka kuhifadhi vyakula hivyo haliwezi kuvipima kwa kipimo ambacho wenyewe hawakitumii.

Yaliyokubaliwa na yaliyobaki

Niliipelekea kamati mapendekezo, na mengi yalikubaliwa bila mabishano makubwa. Vyakula vitagawanywa kwa aina, ili vya kushibisha vishindane vyenyewe kwa vyenyewe, vitoweo vivyo hivyo, vitafunio na vitamu vivyo hivyo. Ndani ya kila kundi waamuzi hawatafuata njia moja. Jambo hili lina hesabu yake: mwaka 1949 mtaalamu wa takwimu E. J. Williams alichapisha mipangilio ambayo ndani yake kila kitu kinachopimwa hutangulia na kufuata kila kingine kwa usawa, na wapimaji wa vyakula wanaitumia mipangilio hiyo mpaka leo. Kwa waamuzi watatu na vyakula vichache hatuhitaji kufika mbali hivyo, inatosha kila mmoja aanzie meza tofauti, ili mzigo wa kuwa baada ya chakula kikali usimwangukie mpishi yule yule mara tatu.

Maji ya baridi yataondolewa, na badala yake patakuwa na maziwa, maji ya uvuguvugu na vipande vya mkate wa boflo. Sufuria zitakaa juu ya mkaa na kufunikwa, na mkaguzi atakuwa na kipimajoto. Wapiga picha watapangiwa muda wao. Chakula cha mwamuzi kitakuwa bakuli yenye matonge kadhaa, itakayopakuliwa na mpishi mwenyewe, ikiwa na kila kinachokikamilisha, na akiwa kwenye sala itamsubiri. Hili la mwisho nililisisitiza kuliko yote, na kama kamati ingenikubalia jambo moja tu ningelichagua hilo.

Matokeo ya mwaka ule hayakubadilishwa. Baadhi ya wazee hawakuridhika, lakini nakubaliana na kamati: alama zilitolewa kwa kanuni zilizokuwapo na zawadi zilikwisha kukabidhiwa. Mpishi wa bokoboko ameandikiwa barua ya mwaliko inayompa meza ndani ya banda, naye amejibu kwamba atakuja.

Limebaki suala la gharama, ambalo naliona gumu kuliko inavyodhaniwa. Bakuli za waamuzi zitalipiwa na kamati. Lakini wageni wa kawaida nao huonja kwa kuponi, na kuponi moja humpatia mpishi kiasi kile kile cha fedha, awe amechota kijiko cha mchuzi au amejaza sahani ya ngano, nyama na samli. Mpishi wa vyakula vya kushibisha anaposhawishiwa na bei hiyo kupakua kidogo, mgeni naye hurudi kwenye kijiko tulichomwondolea mwamuzi. Nimependekeza kuponi ziwe za aina mbili, ya kuonja na ya kula, na ile ya kula ilipwe kwa thamani ya sahani. Mweka hazina ameomba hesabu za mwaka uliopita kabla ya kutoa jibu, na suala hilo limewekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho.